Risasi mpya kwa boksi: unazikagua aje kabla hujapiga, dalili kwa dalili

Wiki mbili zimepita shemeji yangu alitoka Kisumu akanipitia hapa Nakuru tuende renji pamoja, pale pa kupigia shabaha, wengi wetu wa huku hushuka mpaka Kirigiti kule Kiambu, na kabla hata chai haijapoa akafungua boksi jipya akaanza kusukuma risasi moja baada ya nyingine kwa magazini, ule mkebe wa risasi unaoingia kwa bastola, macho yake yako kwa habari za saa moja. Nikamwambia, "Shem, hebu ngoja kidogo. Umeziangalia hizo?" Akanijibu, "Si ni za kiwanda? Boksi nimefungua saa hii, umeniona." Tukazitoa zote 50 tukazisimamisha kwa meza ya kioo pale sebuleni, na moja ikakataa kutulia. Ukiigusa inayumba kama stuli ya miguu minne yenye mguu mmoja ni mrefu kuliko mingine.

Hiyo moja ndo imenifanya niandike hii kitu. Watu wengi wenye leseni huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega mpaka Kitale, wanaamini risasi ikitoka kiwandani imeshakaguliwa na yao ni kupiga tu. Ni kweli zinakaguliwa, kuna mashine na mizani na watu, na nyingi sana ziko sawa kabisa. Lakini ile moja yenye imepita huko kote inaishia kwa mkono wako, na uso wako uko hapo karibu. Risasi ya kawaida ya 9mm kiwango cha juu cha presha yake ni psi 35,000. Pale petroli steisheni jamaa akikuwekea upepo kwa tairi ya Probox anaweka 32 hivi. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya mara elfu moja, na chenye kinaizuia isikurudie ni kaganda ka brasi na chuma ya chemba yako, pale nyuma ya mtutu risasi inakaa ikipigwa, basi.

Na niseme mapema kitu chenye mimi mwenyewe ilinichukua miaka kukubali: makosa mengi nimewahi kuona kwa risasi "za kiwanda" hayakutoka kiwandani. Ni sisi tumeyafanya, kwa kabati, kwa gari, na ule usiku ukifika nyumbani umechoka unatoa risasi kwa chemba. Nitaonyesha ni yapi.

Tuelewane kwa majina kwanza. Nikisema risasi nasema kitu kizima chenye unaweka kwa magazini. Kichwa ndo ile inatoka inaenda kwa shabaha. Ganda ni ile brasi inabaki, kitako ni upande wa nyuma wenye maandishi, mdomo wa ganda ni pale kichwa kinaingilia. Ndani kuna baruti, na katikati ya kitako kuna praima, kale kaduara kanakogongwa na pini kakawasha baruti.

Sasa kukagua kwenyewe. Bastola ikae mbali, imefungiwa, hakuna haja ya silaha kuwa mezani wakati unashika risasi. Kaa karibu na dirisha mchana, taa ya stima inaficha ufa, na kama unavaa miwani ya kusoma ivae. Nawa mikono, hasa kama ulikuwa unapaka silaha mafuta. Mwaga risasi kwa sinia au kitambaa safi, na hilo boksi usilitupe, nitakuambia kwa nini. Halafu ni kama kuchagua maharagwe: unashika moja, unaangalia kitako, unaizungusha kwa vidole polepole ukiangalia mwili wote, unaangalia kichwa, unaweka upande. Risasi 50 haziwezi kukumalizia dakika kumi. Ukimaliza zisimamishe kwa kioo kwa mstari, macho yako chini sawa na meza, yenye ni ndefu au fupi utaiona bila kupima.

Inayumba ukiisimamisha, au praima imetokeza

Hii ndo ilikuwa ya shem. Praima inafaa iwe sawa na kitako au imezama kidogo tu, unene wa karatasi hivi. Pitisha ncha ya kidole taratibu, kidole kinaskia kitu chenye jicho haliwezi. Kama unaskia kakilima, mashine haikuisukuma mpaka mwisho. Shida yake ni gani? Mara nyingi inagoma: pini inagonga, lakini nguvu yote inatumika kusukuma praima iingie pale ilifaa kuwa, haibaki ya kuwasha. Watu wanasema "nilifyatua mara ya kwanza ikakataa ya pili ikakubali", mara nyingi ni hiyo. Kwa rivolva inakwaruza fremu mpaka silinda inakataa kuzunguka. Na kwa bunduki zingine zinazojipakia zenyewe, zile pini yake inaelea bila springi, slaidi, ile chuma ya juu inayoenda nyuma na mbele, ikirudi mbele kwa nguvu inaweza kuwasha praima iliyotokeza kabla hujagusa kifyatulio. Kwa hivyo hiyo iko nje, na usijaribu kuisukuma iingie, si kwa kidole si kwa kifaa. Ni kitu kimetengenezwa kiwake kikigongwa.

Kuna zenye praima imewekwa juu chini, unaona kama kikombe kidogo na kidude ndani badala ya uso laini. Kuna imeingia kwa upande ikapondeka. Kuna shimo tupu kabisa, na hiyo ukiiinua baruti inaanza kumwagika chembe chembe. Hizo zinaonekana wazi, hazihitaji maneno mengi, weka kando.

Moja ni fupi kuliko wenzake, kichwa kimezama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo hatari kubwa iko na hapa ndo kosa ni letu.

Baada ya ile ya kuyumba nikamwambia shem alete na ile risasi yenye yeye hubeba kila siku, ya juu kabisa kwa magazini. Akaileta. Tukaisimamisha kati ya mbili mpya za aina hiyo hiyo, kiwanda kimoja, uzito mmoja. Ilikuwa kama mtoto amesimama kati ya watu wazima kwa picha ya harusi. Kichwa kilikuwa kimezama ndani ya ganda karibu milimita moja na nusu, na ukiangalia vizuri ncha yake iling'aa pale imekuwa ikigonga njia ya kuingilia chemba.

Hii inatokea hivi. Mtu anabeba silaha mchana, usiku anaitoa risasi kwa chemba aweke kila kitu kwa sefu, asubuhi anarudisha ile ile, anaachilia slaidi, tap. Kila tap inasukuma kichwa nyuma kidogo. Kuna zenye hazisongi hata ukifanya hivyo mara nyingi, na kuna zenye zinashuka baada ya mara mbili tatu tu, inategemea ganda limeshika kichwa aje. Shem amekuwa akirudisha hiyo moja tangu mwaka jana.

Na kuzama kwa kichwa si mambo ya urembo. Ndani ya ganda kuna nafasi imepimwa. Ukiipunguza, baruti inawaka mahali padogo, presha inapanda haraka, na baruti yenyewe ikipata presha inawaka mbio zaidi, kwa hivyo moja inasukuma nyingine. Kwa maganda madogo yenye presha kubwa kama 9mm na .40 S&W, hata milimita moja hivi inaweza kutosha kupitisha presha mbali na kiwango. Ganda linaweza kupasuka pale chini chemba haijalifunika, moto unashukia kwa magazini na kwa mkono. Nimeona magazini imetolewa kwa bastola ya mtu ikiwa imefura kama chapati, na vidole vyake vilichukua wiki kadhaa kupona. Sikujua chanzo siku hiyo, lakini baadaye akasema alikuwa anamalizia zile zake za kubeba.

Kama una kalipa au venia ya fundi, pima. Kipimo cha juu kabisa cha urefu wa 9mm nzima ni milimita 29.69, lakini nyingi za kiwanda ni fupi kuliko hapo kulingana na umbo la kichwa, kwa hivyo usilinganishe na namba ya kitabu, linganisha na ndugu yake mpya wa boksi moja. Ikipungua kwa kitu chenye jicho linaona, hiyo hupigi. Usijaribu kukivuta kichwa kirudi juu, kikishalegea kimelegea.

Pia bonyeza kichwa kwa kidole gumba, nguvu ya kidole tu, kifaa hapana. Kikisonga hata kidogo, ganda halijakishika, na hilo ni kosa la kiwanda lenye litakuwa kichwa kilichozama siku ya kwanza tu utaiingiza chemba.

Dawa ya zile za kubeba ni rahisi: ukiitoa ya chemba usiirudishe juu ya magazini kila mara. Izungushe na wenzake, na chora kamstari ka kalamu pembeni ya kitako kila inapoingia chemba. Mimi ikifika mistari miwili naistaafisha. Kurudisha rudisha pia kunachosha praima, ile dawa ya ndani inaweza kuvunjika na kulegea, na siku unaihitaji ndo inagoma.

Kichwa kimekaa upande, mdomo wa ganda umekunjika

Izungushe kwa vidole kama biro. Kichwa kikiwa kimeinama utaona ncha inachora duara. Saa zingine kuna kinyuzi chembamba cha shaba kimechubuka pale mdomoni, ama ganda limekunjika kama soksi imeshuka. Hiyo ni mashine ilikanyaga vibaya wakati wa kuingiza kichwa. Kama ni kinyuzi kidogo tu wengine watakuambia haina neno, mimi naiweka kando. Ikikunjika haina mjadala.

Denti kidogo za kuviringika kwa boksi hazina shida kama risasi bado inaingia chemba sawa. Lakini denti kubwa, au kufura, hasa pale karibu na kitako, kataa.

Kwa .22 kuna utofauti. Kichwa chake kina unene sawa na ganda kwa nje, na saa zingine kinazunguka kidogo ukikigeuza kwa vidole na bado kiko sawa. Chenye kinayumba upande ama kinataka kutoka ndo kibaya. Na .22 haina praima katikati, dawa iko ndani ya ukingo wa kitako kuzunguka wote, kwa hivyo mahali dawa haikufika pini ikigonga hapo inagoma. Ndo maana .22 zinagoma kuliko zingine, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Angalia tu ukingo usiwe umepondeka.

Ganda lina ufa

Ufa mwembamba kama unywele, mara nyingi unaanzia mdomoni ukishuka chini kwa urefu. Ndo maana nikasema mchana, karibu na dirisha, na uzungushe polepole.

Nataka watu wa shamba wanisikize hapa, wa Njoro, Molo, Rongai, Subukia, Muhoroni, kila mahali. Karne ya 19 jeshi la Uingereza kule India lilikuwa linapata maganda ya brasi yanapasuka yenyewe yakiwa stoo, na ilikuwa zaidi wakati wa mvua nyingi. Risasi zilikuwa zinawekwa kwa mazizi ya farasi. Ilichukua mpaka 1921 ndo ikaelezwa vizuri: mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia pamoja na unyevu inaingia kwa brasi yenye imevutwa na kukazwa wakati wa kutengenezwa, brasi inapasuka. Hakuna mtu ameigonga.

Sasa angalia stoo yako. Sefu iko ukuta mmoja na nyumba ya kuku. Ama magunia ya mbolea yamepangwa hapo chini, na kuna wenye wanasafisha risasi zing'ae kwa ile dawa ya kung'arisha brasi yenye harufu inakuingia puani mpaka machozi. Hiyo harufu ndo amonia. Mavi ya kuku yanaitoa kwa wingi. Nilisaidia mzee mmoja jirani kupitia risasi zake za rifo, zilikuwa hazijatoka kwa boksi hata moja, na karibu robo zilikuwa na ufa shingoni. Alikuwa amekasirikia dila aliyemuuzia na kiwanda, nikamwambia, "Mzee, hebu tuangalie kwanza zinalala wapi." Zilikuwa zinalala ukuta mmoja na kuku mia tatu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hizi nimeziua mwenyewe." Tulihamisha sefu siku hiyo hiyo.

Ganda lenye ufa halipigwi hata kama ni ufa mfupi, moshi na moto unapita hapo unakula chemba na unaweza kukurudia.

Kijani, madoa, kutu

Brasi kuwa kahawia na kupoteza mng'aro ni kuzeeka tu, haina neno. Kijani yenye unga unga ndo shida, na kama ukiifuta chini yake kuna vishimo brasi imeliwa, hiyo imeisha. Kisumu hii iko sana kwa sababu ya joto na unyevu wa ziwa. Na zile mikanda ya ngozi zenye vishimo vya kuweka risasi, zinapendeza lakini dawa za kutengenezea ngozi ndo zinaleta hiyo kijani, usizitumie kuhifadhi.

Kitu kingine chenye shem alikuwa hajawahi kufikiria: ukitoka Molo alfajiri baridi imekolea, risasi ziko baridi kama chuma ya geti, unashuka nazo mpaka Kisumu unafungua boksi hapo hapo, ile hewa ya joto yenye unyevu inaganda juu yake matone madogo madogo kama soda imetoka kwa friji. Acha boksi limefungwa mpaka lipate joto la nyumba. Mimi naweka kwa mkebe wa chuma wenye raba kwa kifuniko, na ndani naweka vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Usipake risasi mafuta. Yale mafuta mepesi ya kulegeza nati yanaweza kupenya mpaka kwa praima yakaiua, na nje inaonekana iko sawa kabisa. Na usiache risasi kwa dashibodi ya gari imepaki juani.

Rangi zenye hazifai kukutisha

Watu wanaleta risasi nzuri wakisema zimeungua. Rifo nyingi, hasa za aina ya jeshi, zina rangi ya bluu-kahawia kwa shingo na mabega, hiyo ni moto wa kiwandani wa kulainisha brasi isipasuke, ni alama nzuri. Rangi nyekundu, kijani ama zambarau imezunguka praima ni laka ya kuzuia maji. Vidoti vitatu ama duara limekandamizwa kuzunguka praima ni kuifunga isitoke. Mstari umezunguka kichwa pale mdomoni ni wa kushikia. Ganda la rangi ya fedha mara nyingi ni brasi imepakwa nikeli.

Maandishi ya kitako hayalingani na mtutu

Soma kitako cha kila moja, ndio, kila moja, kwa sababu moja ngeni inaweza kuingia kwa boksi, na zaidi sana inaingia nyumbani ukiwa na silaha mbili. 9mm Luger, 9mm Para na 9x19 ni kitu kimoja. Lakini 9x18 Makarov si hiyo, ganda ni fupi na kichwa ni kinene kidogo, na .380, ile wanaita pia 9mm Kurz, ni 9x17. Zote mtu wa mtaani anaita "nainmili". Fuata chenye kimechongwa kwa mtutu na chenye kiko kwa cheti chako.

Shotigani

Hapa kuna mitego miwili inaweza kukupasua mtutu, na nyingine ndogo ndogo.

Mtego wa kwanza: geji 20 na geji 12, geji ni kipimo cha upana wa mtutu. Ya 20 ni nyembamba, ukiiingiza kwa mtutu wa 12 inateleza inapita chemba inakwama mbele kidogo. Wewe unafungua unaona tupu, unadhani ulisahau kuweka, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua. Ndo maana za 20 hutengenezwa rangi ya manjano siku hizi. Kama nyumbani kuna bunduki ya 20 na ya 12, weka risasi zao sefu tofauti au angalau mikebe tofauti, na mfuko wa koti uwe na aina moja tu.

Mtego wa pili ni urefu. Namba ya 70 ama 76 kwa risasi ya shotigani ni urefu wake kwa milimita ikishapigwa na mdomo umefunguka. Kabla haijapigwa ni fupi kuliko hapo, kwa hivyo ya 76 inaingia kwa chemba ya 70 bila shida na bunduki inafunga vizuri kabisa. Shida inakuja mdomo ukifunguka hauna nafasi, unabana njia na presha inapanda. Na huku kwetu kuna zile bunduki za zamani za Uingereza za mitutu miwili, familia zingine za upande wa Njoro na Kitale bado wanazo kwa leseni, nyingi zilichongwa chemba ya milimita 65. Hizo hata ya 70 ya kawaida ya dukani si yake mpaka fundi wa silaha aipime chemba. Usidanganyike kwamba "imekuwa ikikubali".

Zingine: mdomo wa nyota umeanza kufunguka na marisau yanachungulia, weka kando. Plastiki imefura, haitaingia ama haitatoka. Kitako chenye kinaonekana brasi mara nyingi ni chuma imepakwa, jaribu sumaku utaona, ndo maana kinashika kutu Kisumu.

Haiingii chemba vizuri

Kwa bastola yenye mtutu unatoka, hakikisha haina kitu, ifungue, toa mtutu peke yake. Shika mtutu ukiangalia chini, angusha risasi kwa chemba. Inafaa iingie kwa uzito wake na iseme "tk", izunguke ukiigusa, na ukigeuza mtutu idondoke yenyewe. Ikikwama au ikibaki imechungulia kuliko wenzake, kuna kufura, ama kichwa kimeinama, ama si kaliba yako. Kama zote zinakwama basi usilaumu risasi, safisha chemba. Mimi zile za kubeba nazijaribu zote hivi, za mazoezi najaribu kumi za kwanza kwa kila boksi. Usijaribu kwa kuachilia slaidi ya silaha nzima sebuleni.

Unashuku haina baruti

Watu hutikisa kwa sikio. Kwa ganda limejaa hutasikia kitu na iko sawa, kwa hivyo hiyo haikuambii mengi. Mizani ndogo ya mafundi wa dhahabu ni bora, lakini ujue mipaka yake. Baruti ya 9mm ni kama gramu 0.3 hadi 0.4, na maganda na vichwa vyenyewe vinapishana uzito kidogo, kwa hivyo tofauti ndogo inaweza kujificha hapo. Yenye imepungua sana kuliko wenzake wote, itoe, lakini yenye iko sawa kwa mizani bado si hakika. Kwa rifo kama .308 baruti inakaribia gramu 3, hapo mizani haikudanganyi.

Imepita ukaguzi, inagoma renjini

Umefyatua, klik, kimya. Mdomo wa mtutu ubaki kwa shabaha, usigeuke kuuliza mtu. Hesabu sekunde 30 nzima, kwa sababu kuna zinawaka kuchelewa. Halafu toa, angalia praima. Ikiwa imegongwa vizuri kabisa katikati na haikuwaka, ni risasi. Ikiwa alama ni hafifu, na nyingine ya boksi tofauti pia inaonyesha hafifu, ni springi ama pini ya silaha, mpelekee fundi.

Mbaya zaidi ni ile inakohoa. Badala ya mlio unaskia "puf", teke hakuna, slaidi haijarudi, moshi unatoka polepole. Hapo kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na mkono tayari umezoea kuvuta slaidi na kuendelea. Mimi ilinipata mara moja, na kilichoniokoa ni msimamizi wa renji alisikia kabla yangu akaita "Simama!" Mtutu ulipotolewa tukauelekeza kwa mwanga, hakuna mwanga ulipita. Kichwa kilikuwa kimekwama karibu na katikati. Ningepiga nyingine nyuma yake singekuwa na bastola, na pengine vidole. Kwa hivyo ukiskia tofauti yoyote: acha, toa magazini, fungua, hakikisha chemba ni tupu, toa mtutu uangalie. Kukitoa ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Zile mbaya unapeleka wapi

Zisirudi kwa boksi na wenzake. Mimi niko na mkebe mdogo nimepaka rangi nyekundu, unakaa ndani ya sefu. Usizifungue na koleo, usizitupe kwa choo cha shimo, usichome na takataka, na zisiingie kwa skrepu ya jua kali, kuna mtu ataziweka kwa moto bila kujua. Cheti chako kinasema unaruhusiwa kununua na kuwa na ngapi, na mbovu pia zinahesabiwa, kwa hivyo ziandike na uzirudishe kwa dila aliyekuuzia, au uulize kituo cha polisi.

Na hapa ndo boksi linafanya kazi. Ndani ya kifuniko ama ubavuni kuna namba ya loti, yaani ya lile kundi lililotengenezwa pamoja, na viwanda vikigundua kosa huita risasi zirudi kwa hiyo namba. Bila boksi hujui zako ziko ama haziko.

Shem alipiga picha ya namba, Jumatatu akampigia dila, dila akamwambia alete boksi zima pamoja na ile iliyotokeza. Alikuwa na maboksi mengine mawili ya loti hiyo hiyo kwa sefu huko Kisumu. Jumamosi iliyopita nilienda, tukaweka kioo kwa meza chini ya mwembe na tukasimamisha zote 100. Zilikuwa sawa. Ile fupi yake ya kila siku iko kwa mkebe mwekundu pia, ameiandika tarehe kwa karatasi akaifunga nayo na raba, na nyingine yenye ameweka kwa chemba iko na mstari mmoja wa kalamu kwa kitako.